Askari wa Kitandani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo upande wa Macalder, nilitapika. Nilifungua bendeji ya mchimba dhahabu, harufu ikanishinda. Muuguzi Mkuu, mama asiyecheka ovyo, alinipa maji nisukutue.

"Kinyaa si dhambi, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Ni askari wa mwili. Shida yake hajui zamu inaisha lini. Hulinda mpaka kitandani."

Hayo ya kitandani niliyaelewa walipokuja Akinyi na mumewe Ochieng'. Ochieng' aliangukiwa na udongo shimoni, mguu ukaoza nusura ukatwe. Kwa miezi Akinyi ndiye aliyekisafisha kidonda nyumbani, usaha na yote. Sasa kilikuwa kinafunga, na hamu ya mume imerudi. Lakini mke akiguswa tu, kinyaa kinampanda, anausukuma mkono wa mume. Alikuwa amefunga nguo zake arudi kwao Kendu Bay.

"Sista, kama ningekuwa simpendi ningeenda bila kulia," aliniambia. "Akinishika, naona tu ile mguu. Mwili inakataa."

Ochieng' alikuwa kwenye benchi nje, kichwa chini. "Ananiona kama mzoga," alisema.

Mimi nilifikiria sabuni na manukato. Muuguzi Mkuu akanicheka, mara hiyo moja tu katika miaka yote niliyofanya naye kazi.

"Mguu utanukia, na bado atakumbuka usaha. Mtoe huyo mama kwenye kidonda!"

Akanifundisha kwamba hamu ikitangulia, kinyaa hulegea. Ndiyo maana watu hubusiana, ilhali mate hayo hayo yakiwa kikombeni hakuna atakayeyanywa. Kinyaa kikitangulia, hamu hukuta mlango umefungwa, na kulazimisha huongeza kufuli.

Basi kaka yake Ochieng' akachukua kazi ya bendeji. Akinyi tukamkataza hata kuifua. Ochieng' nikamwambia asidai kitu, wapige soga tu, mpaka mke aanze mwenyewe.

"Na akikawia, Sista?"

"Utangoja. Yeye hakungoja upone?"

Mvua zilipokwisha walirudi, wamebeba kuku. Akinyi alijifunika mdomo kwa leso, akaninong'oneza, "Nilianza mimi." Nilifurahi kama niliyeolewa upya.

Nilihamishiwa Homa Bay, nikazeeka nikiwaambia hayo wanandoa wengi, baada ya uzazi na baada ya upasuaji. Wengi walinishukuru. Shukrani hizo nazipeleka kwa yule Muuguzi Mkuu, ambaye sasa amelala kaburini.

Nimestaafu. Juzi mume wangu alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na mfuko wa mkojo. Nikamwita muuguzi kijana niliyemfundisha mwenyewe, awe anakuja kuubadilisha. Akashangaa.

"Mama, wewe mwalimu wetu, kweli unashindwa na mfuko?"

"Sishindwi," nikamjibu. "Mifuko nimebadilisha maisha yangu yote. Huyu nataka kubaki mke wake."

Mzee alikuwa anasikia. Akanyoosha mkono kutoka kitandani, nami nikaushika.