Posa Yangu na Punda wa Ganze

Haya, chekeni mapema mmalize, maana najua kuna wawili kati yenu wamekwisha kuisikia habari hii kwa watu na wamekuja leo kuhakikisha tu. Ni kweli. Mimi ndiye niliyempelekea Maalim Yusuf wa Malindi barua ya kumposa binti yake, ikasomwa kwa sauti mbele ya wazee, na ndani yake mkawa na hali ya meno ya punda. Nimezeeka, wajukuu wananiita babu, na bado nikipita mtaa ule natembea upande wa pili wa njia.

Miaka ile ya themanini nilikuwa nafanya kazi Kilifi, katika mradi wa maji, mmoja wa miradi ya wafadhili iliyokuja kuchimba visima huko Ganze ambako watu walitembea nusu siku kufuata debe moja. Visima vilikuwa bado vichache, kwa hiyo mradi ukanunua punda wa kusambaza maji vijijini, na (hapa ndipo utakapoijua akili ya wafadhili) kwa ajili ya kusimamia punda kumi na wawili wakaleta kompyuta kubwa kama kabati la nguo, yenye skrini nne na kibodi nne, wakaijengea chumba chenye kiyoyozi wakati ofisi nzima tunajipepea kwa mafaili, halafu wakaniajiri mimi niitunze. Nilikuwa nimesomea Nairobi miezi sita. Miezi sita! Nikarudi pwani siwezi tena kuitikia salamu kama watu, mtu ananiambia habari za asubuhi mimi natikisa kichwa kama mkuu wa wilaya.

Pale ofisini sikumwacha mtu bila kumdharau. Nilimdharau Mhandisi, mzungu mmoja wa kaptura aliyechomwa na jua mpaka magoti, ambaye alipokwenda kwao likizo aliniachia neno moja tu: "Athman, fanya yote, lakini kiini usikiguse." Nilimdharau zaidi Karisa, mwenzangu, mtu wa Ganze mwenyewe, aliyekuwa msimamizi wa hao punda, kwa sababu aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu achambuaye mchele. Karisa alikuwa akinivumilia tu. Alishazoea wanyama wakaidi.

Sasa hicho kiini lazima niwaeleze, la sivyo mtadhani nilirogwa. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ndiyo inayozigawia programu kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu imekatwa vipande viitwavyo kurasa, na kwa kila ukurasa kiini huweka hesabu: huu unatumiwa na wangapi? Akiwa mmoja, ukurasa ni wake peke yake, aandike apendavyo. Wakiwa wawili au zaidi, ni ukurasa wa shirika. Kusoma wasome wote, lakini atakayetaka kuandika humo, kiini humzuia kwanza, humnakilia ukurasa wake mwenyewe, hupunguza hesabu ya ule wa zamani, ndipo humwachia. Ni kama sinia la pilau, mnakula wanne kwa amani, lakini yule anayetaka kumwaga pilipili hupakuliwa sahani yake kando. Mtoto wa darasa la tatu angeona hiyo ni busara. Mimi, mwenye cheti, niliona ni kupotezeana wakati.

Maana ilikuwa polepole, jamani. Programu ya kuandikia barua ilikuwa moja, niliiwasha mimi asubuhi, na kila aliyeketi kwenye skrini alianza na kurasa zile zile za shirika. Ukibonyeza herufi tu, kiini kinasimama kukunakilia, na mashine yenyewe ina kumbukumbu haba, basi unaweza kunywa kikombe cha kahawa na kurudi ukaikuta herufi yako ndiyo kwanza inatokea. Siku nyingine ningevumilia. Wiki ile nilikuwa na haraka.

Haraka yangu ilikuwa Rukia. Rukia binti Maalim Yusuf, yeye mwenyewe mwalimu wa shule ya msingi pale Malindi, na sitawaficha kitu, nilimpenda kweli, nilimpenda kiasi cha kupanda basi kila Jumamosi kutoka Kilifi kwenda kununua mkate wa mofa ambao siupendi, kwa kuwa muuzaji alikuwa jirani yao. Lakini kulikuwa na mwingine. Omari, fundi baiskeli, alikuwa ameshapeleka barua yake ya posa, na Maalim akamwambia ami yangu, Ami Shee, kwamba yetu ataisikiliza Ijumaa baada ya sala ya alasiri, halafu atamuuliza binti, na jibu litakuwa kwa mmoja. Omari! Mtu wa kuziba pancha! Nilisikia barua yake aliiandika kwa mkono ule ule wenye grisi, nikacheka peke yangu njia nzima.

"Andika kwa mkono, mwanangu," Ami Shee aliniambia. "Watu wa kale wataka kuona mwandiko wa mtu."

"Ami, hawa hawajapata kuona herufi za kompyuta," nikamjibu. "Wataibusu."

Basi Jumatano, wenzangu wamekwenda kula, nikakifungua kiini. Nilibadilisha mstari mmoja tu (mmoja, nawaapia), nikakiambia kisiulize tena hesabu, kila ukurasa kiuchukulie kuwa ni wa mtu peke yake, aandike tu, hakuna kunakili. Nikaijaribu mashine mwenyewe, chumba kitupu, herufi zikamiminika kama maji ya bomba. Nikajisifu kwa sauti. Haikunipitia akilini kwamba nilikuwa nimejaribu nikiwa mtu mmoja, na mtu mmoja hana wa kugongana naye.

Ijumaa asubuhi nikaketi kuandika posa yangu. Karisa akaketi skrini ya pili kuandika taarifa ya punda wake, ya kwenda kusomwa mbele ya kamati ya maji Ganze. Tulikuwa tunaandika bega kwa bega, na kumbe tulikuwa tunaandika ndani ya ukurasa mmoja, mistari yake inaangukia ndani ya yangu na yangu ndani ya yake, na hatukuona lolote, kwa kuwa ile skrini ilionyesha tu kile ambacho mwenyewe umekibonyeza. Mashine nyingine ingezimika pale pale ikaniokoa. Yetu ilikuwa na adabu, ikaendelea.

"Athman, leo mashine yakimbia," Karisa akasema. "Umeilisha nini?"

"Akili," nikamjibu.

Tukachapa. Ile printa ilikuwa na kelele ya kukereza mbao, na nje dereva wa Ganze alikuwa anapiga honi, kwa hiyo karatasi za Karisa nikazichukua mwenyewe, nikazitia bahasha na kuifunga kwa gundi kabla hajazigusa. Zangu nikazikunja mara tatu, pembe kwa pembe, nikazifukiza udi (ndiyo, udi nilikuja nao ofisini, chekeni).

"Husomi kwanza?" Karisa akaniuliza. "Mie hata yangu ungeniwachia niisome, kidole changu hiki ni mwongo."

"Kusoma tena ni kazi ya wasiojiamini," nikasema. Nililisema hilo neno kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya shahidi.

Mnajua kwetu mposaji haendi posani. Anakaa kwao, anaona haya, anangoja. Mimi nilitaka kusikia watu wakizistaajabia herufi zangu, basi nikaenda kuketi kwenye baraza ya jirani, chini ya dirisha la Maalim, pamoja na wanaume wanne waliokuwa wanakunywa kahawa, nikajifanya napunga upepo. Ndani nikasikia salamu, nikasikia vikombe, kisha nikamsikia Ami Shee akifungua bahasha. Ami yangu huyu Mungu alimpa sauti ya mimbari, na akishaanza kusoma hasimami mpaka karatasi iishe, maana hufuata neno moja moja kwa kidole na maana huiachia wasikilizaji.

"Ama baad," akaanza, "sisi jamaa wa kijana wetu Athman twaja mbele yenu kwa heshima na taadhima kumuomba binti yenu Rukia, ambaye tumemkagua kwa makini, tukaona umri wake umesogea lakini bado anafaa kwa kazi."

Nikadhani nimesikia vibaya. Wale wa kahawa wakaacha kunywa.

"Meno yote yapo," akaendelea Ami kwa ile sauti, "ila gego moja la juu. Mguu wa nyuma wa kushoto unachechemea. Kijana wetu aahidi kumtunza kwa mapenzi na imani, apewe majani makavu asubuhi na jioni, na asibebeshwe zaidi ya madebe mawili mpaka kidonda cha mgongoni kipone. Akigoma njiani asipigwe. Twatumai mtatupokea kama ndugu, na ikiwa hafai, twapendekeza arudishwe zizini tuletewe mwingine."

Mzee mmoja pale barazani akanigeukia kwa upole mkubwa, akaniuliza, "Athman, huyo kijana anayesomewa si wewe?"

"Si mimi," nikasema. "Ni Athman mwingine."

Na hapo hapo Ami Shee akachomoza kichwa dirishani, jasho linamtiririka, karatasi mkononi, akaniona, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Athman! Ingia ndani uje utwambie huyu mguu wa nyuma ni wa nani!" Wale wanaume wanne kahawa iliwatoka puani. Mimi sikuingia. Nilikimbia, mtu mzima, na kanzu nimeishika mkononi, mpaka stesheni ya basi.

Jumatatu Karisa akarudi kutoka Ganze, na sijawahi kumuona mtu akijizuia kucheka kwa uchungu namna ile. Taarifa yake ilisomwa mbele ya kamati nzima: kwamba punda nambari tatu mradi umevutiwa na elimu yake, haya yake na ukoo wake mtukufu, na unaomba kwa unyenyekevu kumweka ndani kwa halali.

"Wazee wameleta jibu," Karisa akasema. "Punda amekubali. Ila wajomba zake wataka kadzama ya posa, pombe ya mnazi ije kwenye kibuyu, wala si chupa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaurudisha ule mstari wa kiini mahali pake, na badala ya kuona haya nikafurahi, jamani, nikafurahi! Kwa kuwa sasa nilikuwa na maelezo. Nilijiambia kwamba kosa si la moyo wangu, ni la kurasa, na Maalim ni mtu wa elimu, nikimfafanulia atanihurumia na hata kunistahi. Siku ya pili nikamshika Ami Shee (hakutaka, alikuja kwa ajili ya marehemu baba yangu) tukaenda.

Nikatoa shikamoo, nikaketi mkekani, nikaeleza. Nilieleza kurasa, nikaeleza shirika na upekee, nikaeleza sinia la pilau, nikachora kwa kidole. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi inazunguka. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani niliona vidole vya miguu vyenye hina, nikajua Rukia anasikia, nikazidi kuongeza ufundi.

"Kwa hivyo," Maalim akasema, "chombo chenyewe kilikuwa kikihesabu ni wangapi walioushika ukurasa, wasije wakaharibiana."

"Naam, Maalim."

"Na wewe ukakikataza kuhesabu."

"Naam."

"Kwa sababu gani?"

"Kilikuwa polepole, Maalim."

Akatikisa kichwa taratibu, na nikaona kwamba ameielewa mashine kunishinda mimi na cheti changu. Lakini hakukasirika. Nadhani angenisamehe. Ile sauti ndiyo iliyonimaliza, ya nyuma ya pazia, ya kimwalimu, haikupanda wala kushuka.

"Baba, muulize. Habari ya punda tumeielewa, si kosa lake. Muulize kama aliisoma kabla ya kuituma."

Maalim akanitazama. Ami Shee akautazama mkeka. Ningeweza kudanganya, na nilitafuta uongo kichwani nisiupate hata mmoja.

"Sikuisoma," nikasema.

Pazia likasogea kidogo, mkono ukatoka na karatasi, Maalim akaipokea akaniwekea mbele. Ilikuwa barua ya Omari. Karatasi ya daftari la shule, doa la grisi pembeni, mwandiko wa kupanda na kushuka, na maneno matatu yamekatwa kwa mstari, juu yake yameandikwa mengine yaliyo mazuri zaidi.

"Yule aliirudia mara tatu," Rukia akasema. "Wewe barua ya kuniomba mimi ilikushinda kuisoma mara moja."

Yeye na Omari walioana mfungo wa Ramadhani uliofuata ulipokwisha, na nilialikwa, na nilikwenda, na pilau niliila kwenye sinia moja na watu wa kahawa, ambao kila mmoja alipopitishiwa nyama aliniuliza kama ni ya mguu wa nyuma. Mhandisi aliporudi hakujua kitu mpaka leo, mashine ilikuwa salama kabisa. Mimi nikaapa: hakuna karatasi itakayotoka mkononi mwangu sijaisoma mara tatu, hata ikiwa ni ya kuagiza mkaa. Na nitawaambia jambo jingine mnicheke vizuri: mke niliyempata baadaye, Mungu amrehemu, nilimwandikia kwa mkono, na nilipomaliza kuisoma mara ya tatu nikaona haina kosa hata moja, nikachukua kalamu nikalikata neno moja zima, nikaliandika upya lile lile juu yake, ili aone.