Ngoma Zilizobaki Nachingwea

Nimekosa, ndugu wasomaji. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma nusu ya habari hii akidhani nimekuja kumlalamikia mwenye ndege. Watu wengi wa Newala na Masasi wanasema ndege ndiyo iliyopoteza ngoma zetu. Wengine wanasema ziliuzwa. Wote wamekosea, na mimi ndiye niliyewaacha wakosee.

Jina langu sitaliandika. Huku kwetu wanaopaswa kunijua wameshanijua. Ila jina la mtu mmoja nitaliandika wazi, Bakari Likunde wa Makote, kwa sababu ndilo nililolipaka matope.

Mimi ni mwalimu wa shule ya misheni upande wa Masasi, lakini kwetu hasa ni Mkunya, huko juu Newala. Ngoma zenyewe zilikuwa za mjomba wangu, kaka yake mama. Alizirithi kwa mjomba wake, naye vilevile kwa wake, na zilichongwa ng'ambo ya Ruvuma na fundi ambaye hata kaburi lake hatulijui. Ilikuwa ngoma kubwa moja, pamoja na vinganga, zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka wa kuchomeka ardhini. Vijana wa Mkunya, Waislamu kwa Wakristo, walitoka jandoni kwa mlio wa ngoma hizo. Na kwa desturi yetu mjomba akiondoka, mpwa ndiye anayekaa mahali pake. Mpwa huyo ni mimi.

Niseme kweli, sikuzitaka. Moyo wangu ulikuwa kwenye gitaa. Nilikuwa nalo moja, nikilipiga jioni baada ya kusahihisha madaftari, na kijana niliyesoma naye aliniletea salamu kutoka Dar es Salaam kwamba bendi moja ya dansi inatafuta mpigaji. Niliwaza nitafikaje huko.

Basi Bwana Shauri wa Newala, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akatangaza kwamba serikali inafanya maonyesho Dar es Salaam, na kundi la mjomba limechaguliwa kwenda kupiga. Wataondoka kwa ndege kutoka Nachingwea. Wanatafutiwa mtu anayejua Kiingereza wa kuwaongoza. Mjomba akanitaja mimi. Alijivuna kweli kweli. Aliwaambia watu, "Mpwa wangu ndiye atakuwa mdomo wetu."

Mdomo wao! Ndio niliokuwa.

Mzigo wa ngoma ulifungwa na Bakari Likunde, mpiga vinganga wa siku nyingi na rafiki wa mjomba tangu ujana wao. Alizivingirisha kwenye mikeka, akakaza kwa kamba za katani, akaweka nguo kuukuu kwenye ngozi zisikwaruzwe. Mimi nilikuwa na gitaa langu mkononi na sanduku kubwa la bati. Ndani mlikuwa na suti, viatu vya kuchezea dansi, vitabu, na mifuko miwili ya korosho za kumpelekea yule rafiki yangu aniingize kwenye bendi.

Tulipofika uwanjani Nachingwea mizigo ikapimwa. Karani wa ndege, kijana wa Kizungu, akaja moja kwa moja kwangu. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba ndege imezidiwa. Ama sanduku la bati libaki, ama ule mzigo wa mikeka. Kitakachobaki kitafuata Alhamisi.

Mjomba alikuwa amesimama karibu, kiganja chake kikiwa juu ya mzigo wake kama mtu aliyemshika mtoto begani. Akaniuliza, "Anasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia, "Anasema kila kitu kiko sawa, mjomba. Twendeni tukapande."

Kisha nikamgeukia karani, nikamwambia mikeka ibaki.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alinionya vizuri kabisa. Alisema lebo haishiki kwenye mikeka, na ndege ya Alhamisi haiishii Dar es Salaam, inaendelea Unguja, Tanga hata Mombasa. Kwa hiyo lazima niwepo mwenyewe uwanjani nikauonyeshe mzigo wangu. Nikamwitikia kama mtu mwenye akili. Nilijipa moyo kwamba maonyesho ni Jumamosi, na Alhamisi iko kabla ya Jumamosi, basi nani atadhurika?

Tulipotua Dar es Salaam, mjomba alisimama kando ya ndege akitazama mizigo ikishushwa. Sanduku langu likashuka. Akangoja mpaka tumbo la ndege likawa tupu. Akamuuliza mchukuzi kama kuna mlango mwingine wa mizigo. Mimi nikawaambia kwamba wenye ndege wamezipoteza na wanazitafuta, nitafuatilia mwenyewe. Bakari alisema twende ofisini sote tukaulize. Nikamjibu kwamba pale ofisini hawasikilizani na watu wasiojua Kiingereza.

Nilijua la kufanya Alhamisi. Niende peke yangu, nizipokee, niwaletee, niwe shujaa. Mjomba nisingeweza kumpeleka, maana karani angesema mbele yake nani aliyeamuru zibaki.

Lakini asubuhi ya Alhamisi ndiyo bendi waliyonipangia kunisikiliza, Kariakoo. Nikasema nitapiga haraka, kisha nitaazima baiskeli. Kiongozi wa bendi akachelewa. Alipokuja akanywa chai kwanza. Nikapiga. Akasema nipige tena, polepole. Nilikuwa napiga huku jasho linanitiririka, na si kwa sababu ya joto. Katikati ya wimbo nikasikia muungurumo angani. Vidole viliteleza. Kiongozi akasema, "Rudia hapo." Nami, jamani, nikarudia.

Nilipotoka nilikanyaga baiskeli mpaka kifua kikauma. Nilipoingia uwanjani, ndege ilikuwa imeshageuka kule mwisho, mapangaboi yanazunguka, vumbi linapanda. Nikamshika mchukuzi mkono, nikamuuliza habari za mzigo wa mikeka.

"Ulishushwa," akasema. "Ulikaa pale kivulini muda. Hakuna aliyeuulizia, wakaurudisha ndani."

Ndege ikapaa mbele ya macho yangu.

Hapo bado kulikuwa na nafasi. Ofisi ilikuwa wazi. Wangeweza kupeleka habari Unguja mzigo ushushwe. Niliingia, nikasimama mbele ya meza, na karani akaniuliza nina shida gani. Nikaona maswali yatakayofuata. Nani aliuacha? Kwa nini hukuwepo? Mwenye ngoma yuko wapi, aitwe. Nikamwambia sina shida, nilikuwa namtafuta mtu.

Hilo ndilo linalonitafuna kuliko mengine yote. Kule Nachingwea niliongozwa na tamaa. Pale mezani nilikuwa nimeshaona hasara, na bado nikachagua kujificha.

Jumamosi tuliazimwa ngoma na Wazaramo. Walitupa kwa moyo mzuri, lakini zilikuwa na sauti yao. Mjomba alipiga kidogo mbele ya wakubwa, akasimama katikati ya ngoma, mikono ikamshuka. Wachezaji wakabaki wamekunja magoti hawajui waende wapi. Watu wakacheka. Bakari ndiye aliyeokoa, akashika pigo mpaka mwisho peke yake.

Na huyo ndiye aliyekuja kuitwa mwizi.

Bakari alibaki Dar es Salaam siku chache kumtazama dada yake, akarudi Makote na baiskeli aliyopewa na shemeji yake. Basi! Maneno yakaanza. Nani alifunga mzigo? Bakari. Nani alibaki nyuma? Bakari. Baiskeli ameipata wapi? Zikasemwa habari za Mzungu anayenunua vitu vya kale. Hakuna aliyejua Mzungu huyo ni nani, lakini kila mtu alimjua aliyemwona. Bakari hakualikwa tena kupiga. Msimu wa jando ulipofika, wazazi wa Mkunya wakaazima ngoma mbali, nao wakisonya kila jina lake lilipotajwa.

Mwishowe akaomba mwenyewe aitwe barazani, nje ya msikiti wa Makote, ale kiapo. Watu walijaa. Mjomba alikuja, nami nikaja naye. Bakari alitia udhu, akashika msahafu, akaapa kwamba hakuuza ngoma wala hajui zilipo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo Nachingwea. Wewe ndiye uliyesema na wenye ndege. Waambie wazee ulichokiona."

Mjomba alinitazama, macho yake yakiniomba nimsaidie rafiki yake. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema, "Mimi sikuona kitu, Mzee Bakari. Nilishughulika na karani."

Ninafundisha watoto habari za Petro alivyomkana Bwana wake uani kwa kuhani mkuu. Tangu siku ile, nikifika hapo huwaachia watoto wasome wenyewe.

Bakari alifunga msahafu taratibu, akaurudisha kwa mwalimu wa madrasa. Haukupita muda akaondoka kwenda mashamba ya mkonge, upande wa Tanga wanasema, akamwacha mkewe, Mama Zuhura, na watoto.

Bendi hawakunichukua. Gitaa lilikuwa linaning'inia ukutani na sikuweza kuligusa. Nilikaa hivyo hadi mjomba alipougua kifua, nikaenda kumwuguza Mkunya. Siku moja nimemkalisha juani namkorogea uji, akasema jambo linalomuuma ni kwamba huenda amemdhania vibaya rafiki yake, na hana njia ya kujua. Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia yote, tangu sanduku la bati hadi Kariakoo, hadi mezani kwa karani, hadi barazani.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Ngoma ni mti na ngozi. Nenda Makote."

Nilikwenda. Nikamwamkia Mama Zuhura, akaniitikia kama kawaida, akaniwekea kigoda. Nilipomaliza kusema alikuwa bado anamenya mihogo. Hakuacha.

"Mwanangu wa kiume amepigana mara ngapi kwa sababu ya neno hilo," akasema. "Ungesema siku ile, Mwalimu. Siku ile tulikuwa wote."

Nikasimama tena barazani pale pale nje ya msikiti, nikasema mbele ya watu nilichokataa kusema. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Padri alinizuia meza ya Bwana, na sikuona amenionea. Mjomba alipona. Alipata ngoma mpya, akamfundisha mtoto wa dada yangu mdogo. Kwangu anapokea shikamoo, anauliza habari za shule, basi. Nafasi ile iliyokuwa yangu tangu nizaliwe sina tena, na sasa ndiyo nimejua kwamba niliitaka.

Ngoma hazijaonekana. Niliuliza Unguja, Tanga na Mombasa, safari hii nikisema kila kitu bila kuficha. Wenye ndege walijibu kwa adabu kwamba nimechelewa mno.

Lakini Bakari Likunde hajajua. Mkewe amemtumia habari kwa kila mtu anayekwenda kaskazini, na hakuna jibu. Ndiyo maana naandika. Wewe unayesoma haya kambini kwenye mkonge, kama kuna mzee wa Kimakonde hapo, mrefu, mwenye chale usoni, anayegonga meza kwa vidole akiwa na mawazo, msomee. Mwambie barazani Makote jina lake limesafishwa, na Mama Zuhura bado yuko kwenye nyumba ile ile. Mwambie arudi.

Nanyi wengine, hasa vijana mnaosimama kati ya wazee wenu na watu wa ofisini kwa sababu mnajua lugha mbili, angalieni mnachokitafsiri. Mzee akikuuliza "anasemaje?", mwambie anavyosema. Na kama umeshakosa, sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilingoja nipate ujasiri, na aliyelipia kungoja kwangu ni mtu mwingine, ambaye mpaka leo yuko mbali na watoto wake.