Kidonge cha Kila Siku, Baba Awepo Asiwepo

Nakumbuka siku moja kule Kuresoi, mwanangu, wakati wa kuchimba viazi, mama mkwe wangu aliingia jikoni kwangu na pakiti ya vidonge mkononi. Miaka ile ya sabini mambo ya kupanga uzazi hayakusemwa mbele ya wakwe.

Ujue kumzaa kaka yako wa tatu kulikuwa karibu kuniua. Nilitokwa na damu hadi daktari akanionya kwamba nikishika mimba nyingine kabla mwili haujapata nguvu, huenda nisirudi nyumbani. Ndipo nikapewa vile vidonge Nakuru. Nami, kwa akili zangu za ujana, nilivitunza kama sukari ya wageni. Baba yako alikuwa jeshini Lanet, anakuja mwisho wa mwezi tu. Akija nameza, akirudi kambini navificha kikapuni. Niliona ni upuuzi kumeza dawa kwa ajili ya mume ambaye hayupo.

Nilingoja kufokewa. Mama mkwe akauliza tu, "Mama Joseph, mbona vidonge vimebaki vingi hivi?"

Nikamweleza. Akasema, "Siku ile ya damu ni mimi nilikushika. Vaa viatu, twende Nakuru."

Sista wa kliniki alicheka kwanza. "Mama, hii si dawa ya kichwa, ati umeze ukisikia maumivu." Akatueleza polepole. Ndani ya kidonge mna homoni zinazofanana na zile mwili hutengeneza wenyewe. Ukimeza kila siku, yai halikomai wala halitoki, na ute kwenye mlango wa uzazi unakuwa mzito, mbegu za mwanamume zinashindwa kupita. Ukirukaruka siku, yai linaweza kukomaa mume akiwa mbali, na akija atalikuta tayari.

Akasema ningoje nione siku zangu, ijulikane sina mimba, kabla ya kuanza pakiti mpya. Kungoja kule kulinikondesha, maana niliogopa kufa na kuacha watoto wadogo. Nilipoona damu nilikimbia shambani kumwambia mama mkwe. Alitupa jembe akanikumbatia, na wenzetu hawakujua tunachekea nini. Tangu hapo nikawa nameza kila jioni nikimaliza kukamua, naye hakosi kuuliza, "Umekula yako?"

Siri ilipotoka, majirani walinong'ona kwamba nitakuwa tasa. Mwili ulipopata nguvu niliacha vidonge, na haikuchukua muda ukaja wewe, salama kabisa. Bibi yako alikubeba akakupitisha mlango kwa mlango kwa majirani hao, wakuone.

Sasa na wewe unaolewa. Ukichagua vidonge, meza kila siku saa ile ile, mume awe kitandani au safarini, na ukisahau muulize sista, usimuulize jirani. Watoto wako waje ukiwa na nguvu za kuwalea, na Mungu akupe mama mkwe kama wangu.