Frizia kwenye Roshani ya Akalla

Binti yangu alifika kwangu mtaa wa Akalla na pakiti ya vitunguu vya kupandia frizia, maua ya mwisho wa baridi yasiyostahimili barafu. Alikuwa na miaka tisa, akiishi mtaa wa Hässelby na mama yake, akija kwangu baadhi ya Jumamosi. Tulivipanda kwenye ndoo za mtindi nilizozitoboa chini, tukazipanga kwenye roshani iliyofungwa vioo.

"Yakichanua, utakuwa bado unakaa hapa?" aliuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, mimi nikimsemesha Kiswahili.

Sikumlaumu. Tangu azaliwe nilikuwa nimehama Tensta, Uppsala, Göteborg, kisha Tensta tena. Mguu wangu ukianza kuwasha siwezi kuuzuia, na hata siku ile rafiki yangu wa Malmö alikuwa amenitafutia kazi ghalani huko mbali.

"Nitakuwepo," nikasema.

Hakuniangalia. Aliendelea kubonyeza udongo.

Frizia hutaka ubaridi kidogo. Lakini mwezi wa tatu barafu ilipozidi niliyaonea huruma, nikayaingiza ndani, nikayaacha karibu na hita. Yalirefuka wiki nzima, nami nikajisifu. Kisha yote yakalala chini.

"Baba, umeyapika!" Alijaribu kucheka, akainua shina moja kwa kidole, likaanguka tena.

Jirani yangu, mama wa Kirundi aliyekuwa akimsuka nywele, akasogea kuyatazama. "Shemeji, hata ugali wako haulainiki hivi! Lete vijiti vya mishikaki."

Kwa uzi wake mweusi wa kusukia akafunga shina moja moja kwenye kijiti, bila kulibana. Binti yangu alimshikia vijiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka. Tukazirudisha ndoo roshani.

"Usiyabembeleze tena," mama yule akanionya. "Yaache yapate hewa. Wewe kaa tu karibu."

Walipoondoka nikampigia rafiki yangu wa Malmö, nikamwambia kazi ile ampe mtu mwingine.

"Wewe? Utulie mahali?" Alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi wa tano ua la kwanza likafunguka, la manjano, kwenye shina lililopinda kuliko yote. Binti yangu alilinusa mpaka pua ikashika vumbi lake. Hakutaja ahadi yangu, wala mimi sikuitaja. Alipokuwa anavaa kuondoka, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:

"Baba, buti zangu za mvua... naweza kuziacha hapa?"

Nikasogeza viatu vyangu pembeni, buti zake zikapata nafasi.