Shamba Lisilo na Mti

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi Efrazia alipewa jembe. Ardhi aliazimwa tu, na hilo ndilo lililommaliza.

Baba yake alikuja Korogwe manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma. Efrazia alipoolewa na Deogratius, mtoto wa manamba mwenzake, hawakuwa hata na pa kupanda mchicha. Mhina, Mzigua mwenye mashamba nyuma ya Manundu, akawaonea huruma, akawaonyesha kipande. "Limeni vya msimu, mle," aliwaambia. "Cha kudumu msiweke." Hakuna asiyejua maana yake: anayepanda mnazi anadai ardhi.

Wakajenga kibanda cha udongo humo humo, na Efrazia alishika neno. Mahindi, mihogo, kunde, basi. Mpapai ukijiotea jalalani, anang'oa! Jirani yake Salome, naye wa kuazimwa, alichomeka minazi yake kimyakimya, akamcheka: "Mhina keshakufa, shoga. Unamwogopa nani?"

"Ahadi ni deni," Efrazia alijibu.

Mji ukaja, wala haukupiga hodi. Greda likachonga barabara katikati ya mihogo ya watu, wapimaji wakafuata na bikoni zao za zege za kuwekea mipaka. Mwenye ardhi angepewa viwanja. Wa kuazimwa asiye na alama ya kudumu atajijua mwenyewe.

Siku ya kuhakiki, afisa ardhi aitwaye Enock alifika kwa Efrazia akiwa na Mustapha, mtoto wa marehemu Mhina. Mustapha huyo alikulia jikoni kwa Efrazia. Mama yake akienda kuuza matunda Segera, Efrazia ndiye aliyemlisha. Kumwona tu, moyo wa Efrazia ukatulia.

"Shikamoo mama," alisema Enock. "Shamba hili la nani?"

"Marahaba, mwanangu. Tunalima sisi, tangu Matayo wangu hajazaliwa."

"Miti yako ni ipi?"

"Sina mti."

Enock akamgeukia Mustapha. Mustapha akatazama viatu vyake. "Huyu mama ni mgeni wetu," akasema, tena kwa heshima zote.

Mgeni! Na mvi zote zile, mgeni! Ningekuwapo ningemzaba kofi, Mungu anisamehe.

Enock aliingiwa na huruma. "Kaburi je, mama? Hata la mtoto? Kaburi nalo ni dai, kama lipo naandika."

Efrazia akageuka kutazama nyuma ya nyumba. Matayo, kifungua mimba wake, alikufa kwa surua, masika yamepamba moto. Deogratius alitaka kumzika nyuma ya nyumba. Efrazia ndiye aliyekataa: tuliambiwa cha kudumu tusiweke. Wakambeba kwenye mvua mpaka makaburi ya Old Korogwe, matope yakiwafika magotini. Mto ulipofurika ukalizoa kaburi, na leo hata pa kuweka ua hapajui.

"Hakuna kaburi," akasema.

Greda lilipita mahindi yake yakiwa bado mabichi. Deogratius hakumaliza mwaka. Efrazia sasa amepanga chumba Manundu, dirisha limeelekea ukuta wa jirani, na unga ananunua dukani kwa kupimiwa.

Salome, aliyepata kiwanja chake kwa ile minazi, alikwenda kumpa pole. "Ulishika ahadi, Mama Matayo," akamwambia. "Mungu ameona."

"Ameona nini?" Efrazia alifoka. "Ningemzika pale pale mlangoni, Salome! Mwanangu wa kumzaa nilimnyima shimo, nikamtunzia Mhina shamba."