Wilson Binti Nani

Siku ya kwanza kazini, mtaa wa Suwaidi, Riyadh, kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini kisheria, alisoma ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, akacheka.

"Wilson? Wewe Mwingereza?"

Nikasema Mkenya. Tangu hapo nyumba nzima waliniita Wilson. Sikuudhika, kwao lilikuwa jina tu.

Mimi shule yangu ndogo, lakini kazi niliijua: mazulia kwanza, jikoni baadaye, na nguo za bosi kuzifukiza udi mwisho, zisinuke kitunguu. Mkataba ulipokwisha nikahamia Jeddah, Aziziya, kwa madam ambaye wazee wake walitoka Unguja. Nilimtunza mama yake, Bibi. Nilifurahi kusikia Kiswahili. Kumbe kina maswali ambayo Riyadh sikuulizwa.

"Wilson binti nani?" Bibi aliuliza nikimkanda miguu.

"Binti Wilson, Bibi."

"Na huyo babaake?"

"Wilson."

"Makubwa! Wazungu gani nyie, nywele kipilipili?"

Nilicheka naye, masikio yakiniwaka. Nikamweleza. Babu wa babu yangu alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa misheni, akapewa jina la mwalimu. La baba yake hakulijua. Hata nyumbani Mombasa, majirani wakigombana nasi, hulitoa hilo la utumwa kwanza.

Bibi akasema, na kwa huruma, sitaki kumsingizia: "Wageni wa harusi ya mjukuu wangu watauliza, mwanangu. Zamani mtu kama wewe alichukua ubini, jina la ukoo, wa nyumba iliyomweka. Chukua wetu."

Niliogopa. Nikikataa, huenda nikarudishwa kwetu. Nikikubali, kwetu tutakuwa tumepewa jina na wenye nyumba mara ya pili, baada ya misheni.

Siku ya harusi mgeni mmoja alipokea kahawa, akanitazama. "Huyu naye wenu?"

"Wetu," Bibi akajibu upesi.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Shikamoo. Naitwa Wilson."

Bibi akainamisha macho. Hakunifukuza, wala hakumwambia madam. Ila hakuniuliza tena habari za kwetu, na sijui ni mimi niliyemwaibisha au yeye aliyeniaibisha.

Sasa nimestaafu, niko Mombasa. Mjukuu wangu, aliyeandikishwa kwa jina langu, ataka kulifuta Wilson kwenye karatasi zake. Asema ni jina la aibu. Simlaumu, hata mimi hulitamka kwa sauti ndogo. Nilimwambia, "Lifute. Uandike la nani?"

Alikaa na kalamu mkononi, akaningoja mimi nimtajie.