Mwaka Tuliosingizia Mabibo

Kwetu, msimu wa korosho ukifika, mtu akiharisha hatuulizi sababu. Amekula mabibo mengi, yale matunda ya mkorosho, au amekunywa uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, kabla haujakaa sawasawa. Tunamcheka, tunamwambia akapumzike, na kesho yake tunamkuta shambani anaokota korosho. Nimekua nikilijua hilo. Chuo cha uuguzi kilinifundisha mengi, lakini hilo hakikuligusa.

Kituo chetu cha afya kilikuwa kwenye kijiji upande wa mlango wa Ruvuma, safari ya bodaboda ya kuvunja kiuno kutoka Mtwara mjini. Mwaka ule walituletea daktari kijana, mtu wa bara, wa huko kwenye baridi. Tulimcheka tangu siku ya kwanza. Alichemsha maji ya kunywa, akayatia kwenye chupa ya chai na kutembea nayo kwapani hata msibani. Mgonjwa akija na tumbo lake, yeye anamuuliza anachota maji kisima gani, kisha anaandika kwenye kidaftari. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumuigiza, lafudhi na mwendo, na wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwanzoni mwa Desemba walikuja wagonjwa watano kwa siku mbili, wote wa kitongoji cha bondeni, wote wanaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Daktari aliniita nyuma ya stoo ya dawa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hiki ni kipindupindu na kisipozuiwa sasa kitatumaliza. Nikamwambia asihangaike, ni mabibo tu, atazoea.

Akaniuliza, “Mtoto wa miezi minne amekula bibo gani?”

Nikamjibu kwamba labda kala mama yake, yakapita kwenye ziwa. Jibu la nesi mwenye cheti hilo. Tena nililitoa kwa kumhurumia, kama mtu anayemfundisha mgeni kula kwa mkono.

Alituma sampuli mjini na kupiga simu kila mahali. Simu zikawachosha wakubwa, wakaja. Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji, na wageni walishusha katoni tatu za maji ya chupa. Kila mmoja alifungua chupa yake, akanywa nusu, akaiacha hapo mezani, kisha wakajadili kwa saa mbili iwapo maji ya kijiji yana tatizo lolote. Hakuna hata mmoja aliyeteremka bondeni kukiona kisima. Njia ilikuwa na tope, na viatu vyao vilikuwa vya kung'aa.

Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye kitambi na shati la kitenge, alisema neno kipindupindu lisitamkwe mpaka majibu ya sampuli yatoke. Litaleta taharuki, wanunuzi wa korosho watakimbia. Kwa sasa tuseme kuharisha kwa kawaida. Halafu akanigeukia mimi.

“Mama, wewe ni mzaliwa wa hapa. Hiki ni kitu gani?”

“Mabibo, mkuu,” nikasema. “Kila mwaka.”

Akapiga meza kwa furaha. Sioni haya kusema kwamba na mimi nilifurahi. Haya nilipaswa kuziona siku ile. Mkubwa mzima ameniuliza mimi, kamwacha daktari na digrii yake amekaa pembeni! Daktari akapewa mpaka kesho yake asubuhi awe ameandika barua ya kujieleza kwa nini anazusha taharuki.

Aliiandika. Nilitegemea aninunie, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kumnunia na mimi. Badala yake alinifuata mchana ule nikiwa nakunja vitambaa, akavuta kiti. Alikuwa amesikia kwamba Jumamosi wali, wale wasichana waliowekwa ndani, wanatoka unyagoni, na kwamba kungwi wao ni shangazi yangu. Chakula cha watu wote wale kingepikwa kwa maji ya kisima cha bondeni, na ya kunywa yangetoka hukohuko. Hakutaka sherehe ivunjwe. Alitaka maji yachotwe kwenye pampu ya shule, basi.

“Mimi hawatanisikiliza, dada,” alisema. “Wewe shangazi yako atakusikiliza. Mwambie achote ya shuleni.”

Nikamwahidi.

Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Nilimkuta uani kazungukwa na wanawake wanachambua mchele, sauti yake juu ya sauti zote. Nikapeleka ujumbe. Lakini niliupeleka namna gani? Nilichukua chupa ya chai, nikaibana kwapani, nikatembea kama yule kijana, nikaongea kama yeye, “Mama, chota maji ya shuleni, mama.” Wanawake walianguka kwa kicheko. Shangazi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema masikini, mtoto wa watu kamkumbuka mama yake. Akaniagiza siku ya sherehe nimpelekee sahani ya pilau. Mtu akisema kwamba niliwaambia, ni kweli, niliwaambia.

Sherehe ilifana. Pilau nilimpelekea daktari, akala kidogo, akaniuliza kama maji yalichotwa shuleni. Nikasema ndiyo.

Jumatatu viti vya kituo vilijaa, wengine wakalala kwenye mikeka barazani. Dripu zilitosha siku ya kwanza kwa sababu daktari alishaomba za akiba na kuzirundika chini ya kitanda chake, na wala hatukujua. Majibu ya sampuli yakatoka: kipindupindu. Yule mkubwa akarudi, safari hii na watu wa kamera, akasimama mbali na mlango na kusema ofisi yake iliubaini ugonjwa mapema. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Wapo watu Mungu kawanyima aibu, akawapa vyeo.

Shangazi aliletwa Jumanne, kabanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na binamu yangu, mwanawe. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki hivyohivyo. Daktari alihangaika na mshipa wake, akaupata mkono wa kushoto. Mimi nilishika chupa ya dripu juu. Ile sauti iliyokuwa ikitawala ua mzima ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

“Mwanangu daktari,” alisema, “mbona hukutuambia?”

Daktari akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Binamu alikuwa hapohapo miguuni mwa kitanda. Nilijua kinachokuja, na nilikiona kuwa ni haki yangu.

“Nilichelewa, mama,” akasema. “Unisamehe.”

Shangazi alifariki kabla ya alasiri. Walimzika watu wa afya wenye glavu na dawa ya kupulizia, sisi tumesimamishwa mbali.

Ugonjwa ulipotulia, daktari akahamishiwa upande wa Nanyamba, kwa mahitaji ya kazi kama barua ilivyosema. Mkubwa wa shati la kitenge akapanda cheo. Mimi nikapewa cheti cha mtumishi bora, na nilikipokea kwa mikono miwili.

Siku ya arobaini ndugu walikusanyika kwa shangazi. Baada ya dua, binamu akaanza kusimulia namna yule mbara alivyokiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alichelewa, akatuulia mama. Watu wakaguna. Bibi mmoja akasema Mungu atamuuliza. Kisha bibi huyo akanigeukia mimi niliyekuwa nikipita na birika, maana nilifanya kazi na daktari, akaniuliza kama ni kweli alichelewa.

Nikasema ndiyo, alichelewa, nikamjazia kikombe.